Kofia ya Kwenda Katavi

Wajukuu zangu, kisa cha leo ni cha watoto wawili wa hapa hapa Isongole, dada mtu na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu ana ualbino. Shule yao ilipanga ziara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kule ambako wakati wa kiangazi viboko hujazana kwenye madimbwi ya Mto Katuma mpaka migongo inagusana. Mwalimu akaagiza kila mwanafunzi aje na kofia. Kwa wenzake wengi kofia ilikuwa ya kunogesha picha. Kwa mdogo mtu ilikuwa kinga ya mwili wake.

Ngozi ya binadamu ina rangi iitwayo melanini, na kazi yake ni kuzuia miale mikali ya jua isipenye ndani. Mwenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo sana, au hana kabisa. Jua likimpata, ngozi yake inababuka upesi. Likimpata mwaka hadi mwaka bila kinga, saratani ya ngozi inaweza kuanza, na mara nyingi huanzia usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Sasa tazameni kapelo wanazovaa vijana wengi: zina kibao mbele tu. Paji la uso limepona, lakini masikio yako nje na shingo iko nje.

Wala msidanganywe na baridi ya kwetu. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Mtoto wa milima ya Bundali anaweza kuungua na jua huku amevaa sweta.

Basi siku ya Jumamosi dada mtu akafuatana na mama yake kwenda Tunduma kutafuta kofia. Lami ya kutoka hapa mpaka Mpemba, karibu na Tunduma, kilomita 50 hivi, imetuondolea ile adha ya matope ya masika, hivyo walifika wakati wauza mitumba wanafungua mabelo.

"Shikamoo mama," binti akamsalimia muuzaji.

"Marahaba mwanangu. Karibu, inama uchague."

Kofia zilikuwa lundo. Mkono wake ukaangukia moja nzuri, ngumu, ya mabaka mabaka ya kijani na kahawia. Muuzaji akaichukua haraka.

"Hiyo hapana, mwanangu. Imekuja ndani ya belo, mimi siiuzi."

Alifanya vema. Sheria ya nchi yetu hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa kila aliyekuwa nayo kuyasalimisha. Kofia ya namna hiyo ingemharibia mtoto safari kabla hajafika Sumbawanga.

Binti akaendelea kuchambua, na hapa nataka mfuatane naye kwa makini. Kwanza alipima ukingo. Akalaza vidole vinne vya mama yake kuanzia pale ukingo unapoungana na kichwa cha kofia, kwa sababu ukingo wa kukinga jua usipungue sentimita 7.5 kuzunguka pande zote, na vidole vinne vya mtu mzima vinakaribia hapo. Pili, aliinua kila kofia juu na kutazama angani kupitia kitambaa chake. Pama moja ya majani ilikuwa pana na ya kupendeza sana, lakini alipoiinua akaona vitone vya mwanga vimetapakaa kila mahali. Mwanga ukipita, jua limepita. Akairudisha. Tatu, aliukunja ukingo na kuuachia aone kama unarudi au unalegea. Mwisho akapima ndani kwa uzi aliokuja nao kutoka nyumbani, uzi ambao aliuzungusha kichwani kwa mdogo wake, juu kidogo ya masikio, akautia fundo.

Akapata kofia ya pamba nzito, rangi ya kaki, ukingo mpana, ndani ina mkanda wa jasho ambao bado mzima. Kasoro ilikuwa moja. Utepe wake wa nje ulikuwa umebanduka, umeacha mstari wa gundi kavu na duara la kaki iliyokoza, kwa kuwa pale chini ya utepe kitambaa hakikupauka na jua kama kwingine. Muuzaji akapunguza bei kwa sababu ya hilo duara. Walipofika nyumbani kofia ikafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, ikaanikwa, maana kofia ya mtumba usipoifua unaweza kujiletea mapunye.

Ikabaki kazi ya utepe. Mtu angeuliza, utepe una faida gani? Unafunika mshono unaounganisha kichwa cha kofia na ukingo, na ukikazwa sawasawa unasaidia kofia ishike umbo lake. Zaidi ya hapo, utepe unamtangaza aliyeuvaa, na mpakani kwetu jambo hilo lilikuwa zito kweli.

Mto Songwe tunaouvuka kwenda Chitipa, Malawi, uliwekwa kuwa mpaka kati ya Wajerumani na Waingereza kwa mkataba wao wa 1890. Wajerumani wa jeshi la makoloni yao walikuwa na kofia rasmi ya kijivu, nzito, yenye ukingo mpana. Upande wa kulia wa ukingo ulipinduliwa juu na kubanwa kwa beji ya duara yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kofia ilifanana katika makoloni yao, ila utepe ulibadilika: Namibia ulikuwa wa bluu, Kameruni mwekundu, huku Afrika Mashariki mweupe. Ng'ambo ya mto, Waingereza walivaa helmeti za jua, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa kiini chepesi cha mmea wa mabwawani huko India, zikazungushiwa kitambaa kirefu kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka. Waliamini kwamba jua la nchi za joto linapenya fuvu na kumdhuru Mzungu ubongo. Wakati huo huo wapagazi wa Kiafrika waliobeba masanduku yao walitembea vichwa wazi, juu wamewekewa kata tu ya kukalisha mzigo. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Septemba 9, 1914 Wajerumani waliovuka Songwe walipigana na Waingereza huko Karonga wakarudishwa nyuma. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yakavuka kuja upande huu, na sehemu mojawapo walikotokea ni Fort Hill, ndiyo Chitipa ya leo. Fikirini mchungaji aliyekaa mlimani siku hizo, anaona kofia inapanda kijia. Rangi ya kile kipande chembamba cha kitambaa ilikuwa na habari anayoihitaji kabla hajaamua kubaki au kuondoa ng'ombe.

Kuna kitu kingine kutoka vita hiyo ambacho nilimweleza dada mtu, naye akakitumia. Askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani walivaa tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, na nyuma paliachwa kipande kinachoning'inia kufunika shingo. Kipande kile ndicho ninachokisifu. Shikeni hapo, tutakirudia.

Fundi cherehani wa karibu nao alikuwa wa kwanza kujitolea utepe. Alikuwa na mabaki mengi ya kitambaa cha sketi za shule, bluu iliyokoza, safi na imara. Dada mtu akamshukuru, akakataa kwa adabu. Katavi kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Mbung'o akiuma anaumiza, na baadhi yao wanaeneza malale. Kumvalisha mtoto utepe wa bluu kule ni kumtundikia mtego kichwani.

Mjomba wao akaja na kipande cha ngozi ya chatu kilichokaa sandukuni miaka mingi. Hakika kiling'aa, na zamani wawindaji walijivunia tepe za ngozi ya chatu na ya chui. Lakini chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi hizo ni nyara za serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Kuingia nazo hifadhini, au kuvuka nazo mpaka wetu hapa, ni kujipeleka mwenyewe mikononi mwa askari.

"Mjomba, naomba usiudhike," binti akamwambia. "Hii siwezi kumvalisha mtoto."

Utepe wa shanga nao ulifikiriwa, ukaachwa, maana ni mzito na ungeikunja kofia ya pamba.

Mwishowe mama mtu akatoa kanga yake iliyochakaa katikati, pindo zikiwa bado nzima. Rangi yake nyekundu ya ugoro na chungwa, na lile pambo la pindo linajirudia kwa ulalo, tayari limepangwa kana kwamba lilisubiri kofia. Kwangu mimi hakuna utepe unaoishinda kanga. Ni pamba, inafyonza jasho, haipati moto kama bati la beji, na mwalimu akiwa na watoto kundi zima atamtambua kwa mbali yule mwenye rangi ya chungwa kichwani.

Namna alivyoushona ni hivi. Alipima mzunguko wa kofia pale chini kwenye mshono, akaongeza upana wa vidole vitatu vya kupishanisha ncha. Kichwa cha kofia hakiendi juu wima, kimelala kidogo kwa ndani. Utepe uliokatwa kufuata nyuzi za kitambaa hukaa sawa chini, halafu juu unaachia uwazi na kufanya mikunjo. Kwa hiyo kipande alichokusudia kukaza alikikata mshazari, ili kivutike na kushika mteremko. Kwa kuwa pindo lililokatwa mshazari lingeharibu pambo, aliutumia huo mshazari kama bitana kutoka kipande cha katikati ya kanga, na pindo lenyewe akalilaza juu kwa vikunjo vidogo viwili vilivyofichwa nyuma. Kingo zote akazikunja ndani, akapiga pasi ya mkaa, kisha akashona kwa mkono, nyuzi ndefu ndefu, kwa upande wa juu tu. Upande wa chini, kuanzia sikio moja mpaka jingine kwa kupitia nyuma, aliuacha wazi na kutia vifungo.

Hapo ndipo kile kipande cha shingo kilipokaa. Alikata kitambaa chepesi cha kaki, akakitoboa vitundu vya vifungo, akakichomeka chini ya utepe. Kikivaliwa kinafunika masikio na shingo mpaka kwenye kola. Kikichafuka kinafunguliwa na kufuliwa peke yake. Mtoto akikua, utepe unafumuliwa mahali pa kupishania na kuongezwa, kwa sababu zile nyuzi ndefu zinakubali kukatwa bila kuumiza kofia.

Saa sita mchana akamsimamisha mdogo wake uani, jua likiwa utosini, akamzunguka kuangalia kivuli kimefika wapi. Kilifunika pua, mashavu, na masikio yote mawili. Kidevu kilibaki kwenye mwanga.

"Dada, sasa si nimepona?" mdogo mtu akauliza.

"Bado kidogo. Leta yale mafuta yako."

Alikuwa na mafuta ya kukinga jua ya KiliSun, yanayotengenezwa Moshi katika Hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Akamwonyesha apake wapi: kidevu, chini ya pua, nyuma ya masikio, na mikono hata kama amevaa shati la mikono mirefu. Maji na mchanga mweupe huakisi jua na kulirusha juu, na kule Katuma mtoto husimama ukingoni akiinamia viboko kwa muda mrefu, jua likimpata kutoka chini ya kofia.