Unataka kuanza kazi ya bustani Mombasa? Soma hapa kabla hujatuma pesa kwa mtu

Kijana mmoja wa Majengo, hapa hapa kisiwani, alitupigia simu akiomba tumrudishie shilingi 9,000. Hakuwa amekosea namba. Alikuwa amemtumia mtu aliyemwahidi kumtolea "leseni ya landscaping" kwa siku mbili. Kweli siku ya pili akaletewa picha ya kibali kwenye WhatsApp, ina nembo, ina muhuri, kila kitu. Akaiprinti Digo Road, akaipeleka Kizingo kwa wasimamizi wa jengo la apatimenti waliokuwa tayari kumpa bustani yao aitunze kwa 35,000 kwa mwezi. Karani akaiangalia namba ya kibali, akaitafuta kwenye mtandao. Kumbe ni kibali cha duka la viatu.

Kazi akapewa mwingine, na zile 9,000 hatukuweza kumrudishia. Tuseme wazi hapa kwa sababu watu wengi hawajui: tunaweza kukusaidia ukituma pesa kwa namba isiyo yako kimakosa, ukiwahi kutuambia kabla aliyepokea hajazitoa. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, ukaweka PIN yako mwenyewe, halafu akakudanganya, hiyo ni kesi ya polisi. Sisi tutatoa rekodi polisi wakizihitaji, lakini hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu na kuchukua pesa kwa sababu umelalamika.

Ametukubalia tueleze kisa chake bila kumtaja. Alichokosa si bidii, maana kazi ya bustani ameifanya tangu akiwa shule, akimfuata mjomba wake. Hakuwa na mtu wa kumwambia ofisi gani inatoa nini na inalipwa vipi. Basi leo tufanye kazi hiyo.

Leseni ya landscaping haipo

Ukiuliza intaneti "leseni ya landscaping", majibu mengi yanatoka Marekani. Kule kila jimbo lina sheria yake. California, kwa mfano, ina leseni maalum ya wakandarasi wa bustani inayoitwa C-27, na bila leseni ya ukandarasi huruhusiwi kuchukua kazi ya kuanzia dola 1,000. Watu husoma hayo, wakadhani na sisi tuna karatasi moja ya namna hiyo mahali fulani. Hapo ndipo broka anapopata mlango.

Kenya hakuna karatasi moja yenye jina hilo. Kuna karatasi za kila biashara, halafu kuna ruhusa nyingine zinazotegemea unafanya nini hasa kwenye hiyo bustani. Mtu wa kukata nyasi na kumwagilia hahitaji vyote anavyohitaji mtu wa kupuliza dawa au kujenga kuta. Kwa hivyo mtu akikuambia "nipe 9,000 nikutolee leseni ya landscaping," ujue anauza kitu ambacho hakuna ofisi inayokitoa.

Zile za kila mtu

Jina la biashara linasajiliwa na Business Registration Service kupitia eCitizen. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, na majina mawili matatu ya akiba, kwa sababu jina zuri mara nyingi lina mwenyewe. Malipo yake hayafiki hata robo ya zile 9,000, na yanaingia Paybill 222222 ya eCitizen. Hayaingii kwa namba ya mtu. Kama mambo ya kompyuta yanakusumbua, nenda Huduma Centre pale jengo la Posta, Digo Road, au mlipe kijana wa saiba akuelekeze ukiwa umekaa kando yake. Akaunti iwe yako na namba ya simu iwe yako. Tumeona watu wenye biashara iliyosajiliwa kwa namba ya mwenye saiba, na siku wamegombana hawawezi hata kuingia.

Kumbuka pia kwamba jina la biashara si kampuni. Ukiharibu bomba la mteja, deni ni lako wewe na vitu vyako. Kwa anayeanza na jembe na mpira wa maji, jina linatosha. Kampuni inaweza kusubiri.

Kibali cha biashara ni cha kaunti. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeziachia kaunti leseni za biashara, ndiyo maana kibali cha Mombasa kinaishia mpaka wa Mombasa. Nyali na Bamburi bado uko ndani. Ukifungua kitalu cha miche Mtwapa, hiyo ni Kilifi na utaanza upya. Ada inategemea aina na ukubwa wa biashara, na hubadilika kaunti inapopitisha sheria mpya ya fedha, kwa hivyo usitegemee bei ya jirani ya mwaka juzi. Subiri bili yako mwenyewe. Namba ya kulipia ni ile iliyochapishwa kwenye bili, pamoja na namba ya akaunti. Kabla ya kuweka PIN, simu itakuonyesha jina la anayepokea. Soma. Likiwa jina la mtu, acha hapo hapo, hata kama huyo mtu amesimama mbele yako amevaa beji.

Na kanjo akikusimamisha na mkokoteni wa miche ukiwa huna kibali, kumpa "kitu kidogo" kwa simu hakukupi kibali. Kesho anakuja mwingine.

Upande wa KRA, ambao unaogopesha bure

Tupige hesabu ya kijana wetu. 35,000 mara miezi 12 ni 420,000. Kodi ya mauzo, ile turnover tax ya asilimia 3, inaanza biashara ikipita milioni moja kwa mwaka, hadi milioni 25. Yeye bado. Lakini kuwa chini ya hapo si ruhusa ya kukaa kimya: mapato yake yanaingia kwenye ritani ya kawaida ya kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni. Mtu binafsi akichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kubwa kati ya hizo mbili. Kuna watu wana PIN tangu wamalize fomu four na hawajawahi kuwasilisha chochote. Wakienda kuomba cheti cha kuonyesha hawadaiwi kodi, wanakuta faini za miaka zimewangoja.

Wasimamizi wa majengo na hoteli wanaomba risiti ya eTIMS kwa sababu moja. Tangu Januari 2024, matumizi ambayo hayana ankara ya eTIMS hayakubaliki kupunguzwa kwenye kodi ya anayenunua. Kwa ufupi, ukimpa hoteli risiti ya kitabu, hasara ni yake, ndiyo maana anamchukua mwenye eTIMS hata kama wewe unapanda vizuri zaidi. Kujisajili ni bure, na hata simu ya kawaida inaweza kwa *222#.

Hapa tunaomba jambo moja ambalo ni la kwetu kabisa: weka pesa za kazi kwenye till yake. Ukipokea malipo ya mteja, fulusi za chama na pesa za chakula kwa namba moja, mwisho wa mwaka hutajua uliuza nini. Till ikiwa peke yake, unaomba taarifa ya miezi 12, unaona mapato yote. Mbolea na mafuta ya mashine ya nyasi pia lipa kutoka hapo hapo.

Kinachotegemea unachofanya

Dawa. Ukimwambia mteja utamuulia mchwa kwa malipo, umeingia biashara nyingine. Wanaofanya kazi hiyo kibiashara wanapewa leseni na Pest Control Products Board. Usichukulie mzaha, maana kwenye kisiwa nyumba zimebanana, visima viko karibu, na watoto wanacheza pale pale ulipopuliza.

Miche kutoka nje. Mjomba aliye Muscat akikufungia vipandikizi vya waridi kwenye begi, anakuletea matatizo. Mmea wowote kutoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa.

Kitalu kando ya barabara. Ni pazuri kwa biashara, wateja wanapunguza mwendo wakaona. Lakini akiba ya barabara ni ya mamlaka za barabara chini ya sheria ya 2007, na kibali chako cha kaunti hakikupi ardhi hiyo. Trekta likija, miche ya miezi minane inaenda asubuhi moja. Pata ruhusa kwa maandishi, au panga kiwanja hata kidogo ndani.

Kujenga. Ukiacha kupanda ukaanza kuweka kuta, ngazi na sakafu za mawe, hiyo ni kazi ya ujenzi, na National Construction Authority ndiyo inayosajili wakandarasi. Na kwenye bango lako usijiite "landscape architect" kwa sababu linasikika vizuri. Jina la architect linalindwa na sheria, na si la kila mwenye kipawa.

Mji wa Kale ni habari nyingine

Kule hakuna nyasi za kukata. Kuna madirisha, barza, ua za ndani na mapaa, na watu wanapenda mimea yao: asumini, mrehani, mlangilangi kama kuna nafasi. Kazi ipo nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mwenye nyumba amezeeka na hawezi kupandisha ndoo za maji hadi juu kila jioni.

Shida ni kuta. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na National Museums of Kenya wana ofisi maalum ya kuuhifadhi. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukitoboa kwa drili utundike vyungu ishirini kwenye roshani ya mbao, unaweza kuharibu kitu cha zaidi ya miaka mia na ukajikuta unaitwa wewe na mwenye nyumba pamoja. Maji yakivuja kutoka kwenye chungu kila siku, ukuta wa chokaa unayanyonya, plasta inavimba na kubanduka. Kwa hivyo kabla ya kubadilisha chochote kwenye jengo, mwambie mwenye nyumba mwende kuuliza ofisi ya hifadhi kwanza. Vyungu vya kusimama chini, juu ya sahani, havina kesi na mtu. Mama mmoja wa Kibokoni alituambia amewafukuza mafundi wawili kwa drili tu.

Kijana wa Majengo alianzia huko huko baada ya kupoteza ile kazi ya Kizingo. Paa la nyumba moja, mitungi ya asumini na mrehani, 4,500 kwa mwezi, kumwagilia mara nne kwa wiki. Amesajili jina, ritani za nyuma amezimaliza, till anayo. Wiki jana alituandikia tena: bili yake ya kaunti imetoka, ameweka namba ya Paybill na namba ya akaunti, simu imemuonyesha jina la kaunti, je, aendelee? Tukamwambia asome kiasi mara moja zaidi, halafu aweke PIN.