Likeni Haitoi Risasi Mwilini

Swali limerudi tena, safari hii likiulizia na kipimo: likeni, zile ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya misitu ya Kilimanjaro na Usambara, zichemshwe kiasi gani ili zitoe risasi au zebaki mwilini? Hazitoi. Eti kwa kuwa likeni hunyonya metali nzito hewani, basi na tumboni itanyonya. Kweli hunyonya, na hapo ndipo penye hatari. Haina mizizi wala nta ya kuikinga kama jani, kwa hiyo mvua, ukungu na vumbi huingia moja kwa moja. Risasi hujishika kwenye kuta za seli, vumbi hukwama kati ya nyuzi za kuvu zinazoiunda, na kwa kuwa likeni hukua polepole mno, kipande kimoja huweza kubeba uchafu wa miaka mingi. Anayeichemsha anaunywa uchafu huo, maana metali haifi kwa moto.

Kuna wanaojibu kwamba maabara zimeonyesha likeni kavu ikinasa risasi kwenye maji. Ni kweli. Lakini wataalamu haohao wakitaka kuitoa risasi hiyo, huiosha likeni kwa asidi hafifu, nayo huiachia. Tumboni mwa binadamu kumejaa asidi! Tena risasi ya siku nyingi haimo tumboni ikingoja kuokotwa; imo mifupani. Watazameni kulungu wanaofugwa na Wasami wa Norway, ambao wakati wa baridi hutegemea sana likeni. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ilipotokea mwaka 1986, likeni zilinasa sesiamu yenye mionzi, kulungu wakazila, ikaingia nyamani mwao, na Novemba mwaka huo serikali ya Norway ikapandisha kiwango cha sesiamu kinachoruhusiwa katika nyama hiyo kutoka bekereli 600 hadi 6,000 kwa kilo ili ufugaji usife. Na anayesema mitishamba haidhuru ajue kwamba mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya vidonge vya kupunguza unene vyenye asidi ya usniki, kemikali ya likeni, baada ya watumiaji kuharibika ini.

Fundi wa betri, anayeshika risasi, apime damu; mchimbaji mdogo wa dhahabu, anayetumia zebaki, apime mkojo. Risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Zebaki isichomwe jikoni, nguo za kazi zisiingie chumbani, mikono ioshwe kabla ya kula, watoto wakae mbali. Dawa za kutoa metali zipo, hospitalini, kwa usimamizi wa daktari, na hazimfai anayerudi kwenye moshi uleule.