Kuuza kwa simu: njia gani inakula makuta kidogo?



Katika somo la hesabu la jioni, sisi walimu wa kujitolea tumeona swali moja linarudi kila juma. Mama mmoja fundi cherehani alilisema hivi: "Mwalimu, banasema kuuza ku simu ni bure. Sasa mbona mwisho wa mwezi sioni benefisi?" Wengine wakacheka, lakini wengi walikuwa na shida ileile. Hawa ni watu wa mikoba ya vitenge, sabuni, vikapu na nguo za watoto. Mtaji wao ni makuta yaleyale ya unga na ya madaftari. Ukipotea, ni watoto wanaolala njaa. Kwa hiyo mwezi huu tumekaa chini kuzihesabu njia zote, moja baada ya nyingine.

Tutumie mfano mmoja. Tuseme mkoba wa kitenge unauzwa faranga 5,000. Kitambaa, uzi na zipu ni 2,500. Zinabaki 2,500. Hizo ndizo tunazozilinda. Bei za mfano huu ni za kujifunzia, wewe weka za kwako.

1. WhatsApp na marafiki wa marafiki

Toka mwaka 2018 kuna WhatsApp ya biashara, ambayo unaweza kupanga humo picha za vitu vyako na bei zake. Kuiweka kwenye simu hakulipiwi. Lakini haifanyi kazi bila mega, na mzigo haujipeleki wenyewe.

Tuseme unanunua mega za 1,000 kwa juma na unauza mikoba mitano. Kila mkoba umebeba 200. Sasa mteja yuko Kamembe, na moto kwenda na kurudi ni 3,000. Ukipeleka mkoba mmoja peke yake: 2,500 toa 200, toa 3,000. Umepoteza 700! Umeshona, umepanda moto, umepigwa na mvua, na umemlipa mteja ili achukue mkoba wako.

Ukingoja mpaka mitano itimie na kuipeleka safari moja, kila mkoba unabeba 600 za moto. 2,500 toa 200, toa 600, zinabaki 1,700. Kwa mikoba mitano ni 8,500. WhatsApp ni ileile, bei ni ileile, kilichobadilika ni siku ya kupeleka. Kwa hiyo waambie wateja toka mwanzo: "Tunapeleka siku ya Ijumaa tu." Na mkiwa mafundi watatu, mmoja apeleke mizigo ya wote, mgawane nauli.

2. Pesa ya kwenye simu

Hapa makuta huvuja polepole. Kutuma kuna ada, na kutoa kwa wakala kuna ada. Mkubaliane kabla ya kushona ni nani analipa ada ya kutuma. Usingoje mzigo ufike ndipo muanze kubishana.

Jambo la pili: usikimbilie kutoa kila faranga inayoingia. Sokoni wauzaji wengi wa vitambaa wana kodi ya MoMo. Unapiga *182*8*1# na kufuata maelezo, unamlipa moja kwa moja. Ukitoa mara tano kwa juma unalipa ada mara tano. Ukilipia kitambaa kwa simu na kutoa mara moja yale ya chakula, umelipa ada mara moja.

Tena dai avansi. Mtu akiagiza mkoba wa 5,000, atume 2,500 kwanza. Hizo ni za kitambaa. Akibadili mawazo, hujaliwa mtaji. Anayekataa kabisa kutoa avansi, mara nyingi hakuwa mnunuzi.

3. Facebook

Kufungua ukurasa ni bure, na picha inafika mbali. Lakini ndiyo hapo pagumu: inafika mbali kuliko moto. Watu mia wa Nairobi na Kinshasa wanaopenda picha yako hawanunui sawa na watu watano wa Kamembe. Facebook inakuomba pia ulipie tangazo ili lionekane na wengi. Usilipe kabla hujajua mzigo utamfikiaje huyo wa mbali, na kwa bei gani. Vikundi vya mtaa vya kununua na kuuza vinatosha kwa kuanzia.

4. Masoko makubwa ya intaneti

Vijana wametuuliza juu ya Etsy, soko la Marekani la kazi za mikono. Kuweka kitu kimoja pale ni senti 20 za dola kwa miezi minne, kiuzwe kisiuzwe. Kikiuzwa, wanachukua asilimia 6.5; kabla ya Aprili 2022 ilikuwa 5. Kikapu cha dola 20 kimeshapoteza dola 1 na senti 50. Na hiyo asilimia wanaikata hata kwenye pesa za posta ambazo mnunuzi amelipa. Bado hujalipa ada ya kupokea malipo, na kikapu chepesi kinachukua nafasi kubwa kwenye furushi. Kwa familia moja, njia hii ni nzito.

Tena duka la mwingine linaweza kufungwa. Jumia ilisimamisha kazi yake ya kupeleka chakula Rwanda Januari 2020. Aliyekuwa akitegemea mlango huo mmoja alibaki bila mlango. Kwa hiyo namba za wateja wako ziandike kwenye daftari lako mwenyewe. Familia ikihamishwa kwenda Mahama au kambi nyingine, daftari linahama nayo.

5. Duka lako mwenyewe kwenye intaneti

Linapendeza, lakini lina kodi ya nyumba. Shopify, kwa mfano, mwaka 2023 ilipandisha bei ya mpango wake wa Basic toka dola 29 hadi 39 kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Hizo zinapita faranga 50,000. Kwa mkoba unaobakiza 2,500, inabidi uuze zaidi ya 20 kila mwezi kulipa kodi tu, na moto bado, na mega bado. Anayeuza mitano kwa juma atafanya kazi ya bure.

6. Kuuza kwa kikundi

Wanaotaka wanunuzi wa Ulaya na Marekani wasiende peke yao. UNHCR ilizindua MADE51 mwaka 2018, na hapa Rwanda wanawake wakimbizi toka Burundi walioko Mahama wamefuma vikapu kupitia shirika la Indego Africa. Shirika ndilo linalotafuta soko na kusafirisha, fundi anafanya kazi ya mikono. Bei ya fundi ni ndogo kuliko ile ya dukani, ni kweli, lakini posta na tovuti havikai kichwani pake. Kikundi kinachofuma kwa kipimo kimoja na ubora mmoja ndicho kinachoweza kusikilizwa.

Tahadhari

Mtu akikuambia "tuma kwanza ada ya kuandikishwa ndipo upate wateja," acha. Namba ya siri ya MoMo haombwi na mnunuzi. Ujumbe wa "umepokea" usiuamini kabla hujatazama salio lako mwenyewe. Na kwenye picha onyesha mkoba peke yake. Sura za watoto na namba ya nyumba yenu kambini vibaki nje.

Basi tunasema nini?

Kwa wengi wetu leo, njia inayokula kidogo ni WhatsApp, avansi, na siku moja ya kupeleka. Kikundi kinafuata. Duka la kulipia lingoje siku ambayo maagizo yanakushinda.

Zoezi la mwezi: baba, mama na watoto wakae pamoja juma moja na daftari. Upande mmoja waandike yaliyoingia, upande wa pili mega, moto, ada na kitambaa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujumlisha. Leteni daftari darasani jioni, tutahesabu pamoja. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.