Mkono wa Kwanza Ni wa Rafiki

Wazee wengi wa visiwa vyetu, zikitajwa dawa za kulevya, humfikiria mtu mgeni: mfanyabiashara mwenye mkoba, aliyeshuka bandarini au uwanja wa ndege, akinyemelea watoto kwenye milango ya skuli. Mtu huyo yupo, wala hatumtetei. Lakini si yeye amtiaye kijana moshi wa kwanza kinywani. Moshi huo aghlabu hutolewa na mtu anayejulikana nyumbani, aliyekula sahani moja na kijana huyo, pengine mtoto wa jirani au wa mama mdogo. Hutolewa bure, tena kwa mapenzi, kama mtu anavyomkata mwenzake kipande cha muhogo.

Tunalianza jambo hili hapa kwa sababu tunaona kwamba jitihada nyingi, za Serikali na za wazazi, zimeelekezwa kwa yule mgeni; na rafiki ameachwa peke yake na mtoto.

Si kwamba mgeni ni mdogo. Tangu miaka ya 1980 heroini imekuwa ikipita katika bahari hii, ikitoka Afghanistan, ikishushwa pwani ya Makran na kupakiwa majahazini kufuata njia ileile waliyoipita wazee wetu kwa tende na chumvi. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililikamata jahazi moja upande wa mashariki wa Mombasa likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Shehena za namna ile huwa safarini kwenda kwa matajiri wa mbali. Sisi tu njiani tu, na akaaye njiani haachi kuangukiwa na vumbi.

Vumbi hilo ndilo kete. Na kete hufika vipi mkononi mwa kijana wa kidato cha pili? Hufika maskani, jioni, baada ya mpira. Huanza sigara moja inayozungushwa watu watano. Siku nyingine sigara ina bangi. Siku nyingine tena ina bangi na kitu kingine, nayo huitwa kokteli, jina ambalo kwa mtoto asiyejua linasikika kama kinywaji cha harusini. Hapana amtajiaye heroini. Hapana amlazimishaye. Akisitasita hucheka mmoja, wakacheka wote, akaitwa mtoto wa mama, basi. Kijana wa miaka 14 huogopa kicheko hicho kuliko anavyoogopa bakora ya baba yake.

Sisi wakubwa husema: kwa nini asinyanyuke akaenda zake? Swali hili ni rahisi kwa mwenye pa kwenda. Maskani ndipo kijana anapoazimwa baiskeli, anapopewa habari za mpira, anapotetewa akipigwa na vijana wa mtaa wa pili. Ukimwambia awaache wale, unamwambia awe peke yake katika umri ambao upweke humuuma mtu kuliko njaa. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wa umri mbalimbali waliochezeshwa mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta, wengine peke yao, wengine mbele ya wenzao. Watu wazima, kuwapo kwa wenzao hakukuwabadilisha sana. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao walithubutu hatari nyingi zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Bibi zetu walilijua hilo bila ya kompyuta, lakini si vibaya kulipata kwa hesabu.

Yanayofuata baada ya hapo mitaa yetu inayajua. Mwili ukishazoea, siku moja bila ya kete huleta arosto: machozi na makamasi, maumivu ya viungo, tumbo la kuharisha, usiku usio na usingizi. Hapo tena havuti kwa kutaka raha. Huvuta ili asimame. Hupotea sufuria, kisha redio, kisha mabati ya jirani. Familia huficha kwa kuogopa aibu, na siku isiyofichika humtoa nje. Mtaa humpa jina la teja. Na alipewa jina hilo lini? Siku ileile aliyofungiwa kila mlango isipokuwa mlango wa maskani. Watoto wa kike, ambao aghlabu huingizwa na wachumba wao, hufungiwa hata mapema zaidi, na khabari zao husemwa kwa kunong'ona tu, kwa hiyo wachache mno hufika penye matibabu.

Wanaoishia kwenye sindano huingia hatari nyingine. Katika visiwa vyetu maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wote hayafiki asilimia 1. Uchunguzi wa mwaka 2012 kwa wanaojidunga uliyakuta yamepita asilimia 10. Sindano moja huzungushwa kama ilivyozungushwa sigara ile ya kwanza, na kwa sababu ileile.

Tungekosa insafu tukisema hapana lililofanywa. Mwaka 2015 ilianza kutolewa methadoni katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na wako watu ambao leo wanakwenda makazini kwa sababu ya dozi hiyo wanayokunywa kila siku mbele ya muuguzi. Sheria ya mwaka 2021 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na tangu 2009 zimekuwapo nyumba za kupata nafuu, hizo ziitwazo soba, zilizoanzishwa na watu waliokuwa watumiaji wenyewe. Tunaomba Wakuu wazitazame vizuri nyumba hizi, kwani zina somo ambalo halimo katika hotuba. Ndani ya soba anayemzuia mgonjwa asitoroke usiku wa tatu ni mwenzake aliyepita usiku huohuo mwaka uliopita. Nguvu iliyomwingiza kijana ndiyo inayomtoa. Iliyobadilika ni kundi.

Ikiwa ni hivyo kwa mtu mzima aliyekwisha kuzama, yafaa vipi tungoje mtoto naye azame kwanza?

Skuli zetu nyingi zimesomesha kwa mikondo miwili miaka mingi, na ingawa majengo mapya ya ghorofa yamelipunguza jambo hilo, wapo bado watoto wanaorudi nyumbani adhuhuri, wazazi wako kazini au baharini, na chuoni hawaendi tena kwa kuwa wamehitimu au wamechoka. Saa zile hazina mwenyewe. Nchi ya Aislandi, ambayo nayo ni kisiwa, ilizitia mkononi saa kama hizo. Mwaka 1998, vijana wake wa miaka 15 na 16 waliosema kuwa wamelewa mwezi uliotangulia walikuwa asilimia 42. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Walitoa fedha za michezo na muziki kwa kila mtoto, wakawafunga wazazi kwa ahadi za mtaa mzima, wakaweka saa ya watoto kuwa majumbani. Wao ni matajiri, na tatizo lao lilikuwa pombe zaidi kuliko unga, hilo hatulisahau. Lakini kiwanja cha skuli kinachofungwa kufuli saa nane mchana hakihitaji utajiri kufunguliwa. Kinahitaji mwalimu mmoja mwenye posho na mipira miwili.

Liko jambo jingine la kuwaambia wenye madaraka, nalo ni gumu kidogo. Askari wanapovamia maskani huwazoa wote: muuzaji, mvutaji, na yule aliyekuja kusikiliza mpira. Muuzaji hujua njia ya kutoka. Yule wa mwisho hulala rumande na watu waliomzidi umri na ujuzi, akatoka na marafiki wapya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, hata akikutwa na kete mfukoni. Tunataka ifuatwe usiku wa operesheni pia, na sheha aitwe, na mzazi aitwe, kabla ya mlango wa rumande kufungwa.

Na mtoto aliyevuta mara mbili tatu, akaogopa, amwambie nani? Akimwambia baba atapigwa. Akimwambia mwalimu huenda akafukuzwa, au jina lake likafika kituoni kabla ya kengele ya mwisho. Basi humwambia rafiki yuleyule. Tunapendekeza Wizara ya Elimu na Mamlaka wakae meza moja kabla ya muhula ujao kufunguliwa, waandike kwa lugha anayoifahamu kila mwalimu, Micheweni hadi Makunduchi, nini kifanywe siku mwanafunzi atakapokuja kusema kuwa amevuta, na nani asiambiwe.