Saumu ya Wayahudi wakati wa korona: kipi kweli, kipi uongo?

Jumapili ya tarehe 27 Septemba 2020, jua likikaribia kuzama, Wayahudi wa London walianza Yom Kippur, Siku ya Upatanisho: takriban saa 25 bila chakula wala tone la maji. Korona ilikuwa inapanda upya. Wiki mbili kabla yake, England ilikuwa imezuia watu zaidi ya sita kukusanyika, ingawa nyumba za ibada zilibaki wazi kwa masharti. Kuna mengi yanayosemwa kuhusu saumu hii na maradhi. Tuyapime.

1. "Myahudi mwenye imani hufunga hata akiumwa." UONGO.

Sheria ya Kiyahudi huweka uhai mbele ya karibu kila amri. Zinazobaki juu ya uhai ni tatu tu: katazo la kuabudu sanamu, la kuua, na la zinaa zilizoharimishwa. Mgonjwa ambaye saumu itamhatarisha haombi udhuru. Anawajibika kula, na akijikaza akafunga hapati sifa yoyote, bali anakosea. Talmud, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaeleza hata wanapopingana mgonjwa na daktari. Mgonjwa akisema lazima ale, hulishwa, hata kama madaktari wanaona angeweza kuvumilia. Daktari akisema ale na mgonjwa akikataa, husikilizwa daktari. Kila panapo mashaka, uhai ndio unaopewa nafasi.

2. "Ruhusa hiyo ilibuniwa kwa ajili ya korona." UONGO.

Mwaka 1848 kipindupindu kiliupiga mji wa Vilna, ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Rabi Israel Salanter aliwahimiza watu wale siku ya Yom Kippur ili wasidhoofike. Masimulizi mashuhuri yanasema alikula yeye mwenyewe mbele ya waumini, pale pale sinagogi, ili asiwepo wa kuona haya. Wanahistoria wanabishana juu ya tukio hilo la mwisho, lakini msimamo wake haubishaniwi. Marabi wa mwaka 2020 walikuwa na pa kuegemea.

3. "Ama ufunge kikamilifu, ama ule kama siku nyingine." UONGO.

Kuna njia ya katikati kwa mgonjwa anayeweza kuponea kwa kidogo kidogo. Hunywa chini ya ujazo wa shavu moja, ambao kwa wengi hukadiriwa kuwa kama mililita 30, kisha husubiri dakika 9 hivi kabla ya kunywa tena. Kikombe kidogo cha dawa na saa ya ukutani vinatosha. Akinywa mara sita kwa saa amepata karibu mililita 180, na mwili haukauki. Chakula nacho hugawanywa hivyo hivyo. Lakini hali ikiwa mbaya kiasi kwamba kidogo hakitoshi, hula na kunywa kawaida.

4. "Bora kwenda sinagogi hata ikibidi kula, kuliko kufunga kitandani." UONGO.

Hapa wengi hushangaa, wakiwemo Wayahudi wenyewe. Kufunga ni amri ya Torati. Kusali pamoja na jamaa sinagogi hakufikii daraja hiyo. Asiyeweza kufunga ila kwa kulala nyumbani, na alale nyumbani. Ndiyo maana kubaki nyumbani mwaka ule hakukuhesabiwa kuikimbia ibada. Tena Machi 2020 United Synagogue, jumuiya ya masinagogi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1870, ilifunga masinagogi yake siku kadhaa kabla serikali haijawafungia watu ndani tarehe 23.

5. "Yom Kippur ni marufuku kunawa, basi na usafi wa korona ulikatazwa." NUSU KWELI.

Kuoga na kujipaka mafuta kwa starehe ni marufuku kweli, na viatu vya ngozi pia, ndiyo maana siku hiyo utawaona watu waliovaa nadhifu wakitembea na raba au kandambili. Ila kuondoa uchafu au kujikinga na maradhi si starehe. Mikono ilisafishwa, barakoa zikavaliwa, na ibada zikafupishwa. Hata pembe ya kondoo dume, ambayo hupulizwa saumu inapokwisha, ilifunikwa barakoa kwenye mdomo wake mpana katika baadhi ya masinagogi.

6. "Saumu ndiyo iliyowaambukiza." HAKUNA USHAHIDI.

Utafiti wa chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine katika jamii ya Wayahudi wa Orthodoksi kali wa London ulikuta karibu asilimia 64 wana kingamwili za korona mwishoni mwa 2020. Kiwango hicho ni kikubwa mno, lakini virusi hufuata hewa ya pamoja, na jamii ile huishi katika kaya kubwa na kukutana mara kwa mara. Kwa Waislamu nako, watafiti waliochunguza vifo vya England wakati wa Ramadhani ya 2020 hawakuona kwamba mfungo uliviongeza.

7. "Aliyekula kwa ugonjwa hulipa baadaye, kama kadha ya Ramadhani." UONGO.

Yom Kippur haina siku ya kulipia wala fidia ya kulisha maskini. Mgonjwa aliyekula ametimiza lililompasa, na hadaiwi kitu.

8. "Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya saumu." KWELI, na kwa dini zote.

Kukatiza insulini au kubadili saa za dawa kwa kubahatisha kunaweza kumlaza mtu hospitali, na homa ikiongezeka mwili hupoteza maji haraka. Daktari aulizwe wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia saumu, kisha majibu yake apelekewe rabi, shehe au padri. Na rabi anayekataa kusikia neno la daktari hawezi kusema anaifuata Talmud.