Samaki wa Tanganyika wafika hai, wafa usiku: kosa ni la nani?

Malalamiko haya ni ya kawaida kati ya wauzaji wa samaki wa mapambo walioko Kigoma, Bujumbura na Mpulungu na wateja wao wa mijini. Samaki wamefika jioni wakiwa hai, wakiogelea ndani ya mfuko. Mteja amewatia kwenye tangi la kioo alilolitayarisha kwa wiki nzima. Asubuhi nusu yao wanaelea matumbo juu. Simu inapigwa: umeniuzia samaki wagonjwa, nirudishie pesa. Muuzaji naye anajibu kwamba walipopokelewa walikuwa wazima. Uhusiano wa kibiashara wa miaka kadhaa huvunjika hapo, na mara nyingi hakuna kati yao anayejua kilichoua.

Ziwa Tanganyika liko katika nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Samaki wake wadogo wenye rangi, kama wale wa jamii ya Tropheus, wamekuwa wakisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Maji ya ziwa hilo ni magumu, yana madini mengi, na kipimo chake cha pH hufikia kati ya 8.6 na 9. Mfugaji makini hulijua hilo, hivyo huyatengeneza maji ya tangi lake yafanane na ya ziwa. Ajabu ni kwamba kwa saa chache za kwanza uzuri huo wa maji unaweza kuwa ndio unaoua.

Tuuangalie mfuko wenyewe. Hufungwa ukiwa na maji kiasi cha theluthi moja, na sehemu iliyobaki hujazwa oksijeni. Njiani samaki hupumua na kutoa hewa ya ukaa, ambayo haina pa kutokea. Huyeyuka majini na kuyafanya yawe na uchachu, pH ikashuka hadi 7 au chini yake. Wakati huohuo samaki hutoa amonia kupitia matamvua, nayo hujikusanya kila saa inayopita. Amonia ni sumu kali kwa samaki. Lakini katika maji yenye uchachu sehemu kubwa yake hugeuka kuwa ya aina isiyodhuru sana. Ndiyo maana samaki huweza kukaa siku nzima na zaidi ndani ya uchafu wao na wakafika hai.

Sasa mteja anaufungua mfuko. Hewa ya ukaa inatoroka na pH inaanza kupanda. Halafu, kama alivyoelekezwa na wengi, anatia maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa saa nzima ili samaki wazoee. Maji hayo yana pH 8.5 au 9. Kwa joto la nyuzi 25, katika pH 7 amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 8 ni kama asilimia 5. Katika pH 9 inapita theluthi moja. Amonia ni ileile, haijaongezeka hata tone, lakini samaki wanaungua matamvua mbele ya macho ya mwenye nao. Wengine hufa palepale, wengine hujikongoja hadi alfajiri.

Kwa hiyo samaki waliosafiri muda mrefu hawapokelewi kama wale walionunuliwa duka la mtaa wa pili. Mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa bado umefungwa, dakika 15 hadi 20, ili joto lilingane. Ukishafunguliwa, usikawie: watoe samaki kwa wavu uwatie tangini, na maji ya mfuko yamwagwe nje, yasiingie tangini hata kidogo. Kama maji ya tangi yanatofautiana sana na ya ziwa kwa madini, rekebisha tangi kabla mzigo haujafika.

Si kila kifo ni cha amonia ya mfukoni, na saa ya kifo husema mengi. Waliokufa wote kwa pamoja ndani ya saa chache, wakiwemo wenyeji wa tangi, walikumbwa na sumu au kukosa hewa. Ulizia kwanza dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina viambato vinavyoua samaki kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuiingiza moja kwa moja majini. Wa pili kushukiwa ni klorini ya maji ya bomba yaliyomwagwa tangini bila kuachwa wazi kwa siku nzima au kutiwa dawa ya kuiondoa.

Vifo vya alfajiri, huku samaki wakihema juu ya maji, huelekeza kwenye upungufu wa oksijeni. Hapa wa Nairobi wajue kuwa mji wao uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kama mita 770. Kwa joto lilelile, maji ya Nairobi hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Pampu iliyotosha Kigoma huenda isitoshe huko.

Wanaokufa mmoja mmoja kwa wiki mbili au tatu kwa kawaida wako kwenye tangi jipya. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya chujio. Tangi lililojazwa maji wiki iliyopita ni safi kwa macho tu. Bakteria haohao hufa umeme ukikatika kwa saa nyingi, na umeme ukirudi, chujio husukuma uozo wake wote tangini. Lisuuze kwanza kwa maji ya tangi, si ya bomba, ndipo uliwashe.

Muuzaji naye ana makosa yake. Samaki waliovuliwa kwenye kina na kupandishwa haraka huvimba kibofu cha hewa na huweza kufa siku kadhaa baadaye. Mpiga mbizi mzuri huwapandisha kwa vituo. Samaki waliolishwa siku ya kufungwa huchafua mfuko maradufu, wakati walipaswa kukaa bila chakula siku mbili hivi.

Mteja anayetaka kudai haki yake apime pH na amonia ya maji ya mfuko mara tu anapoufungua, halafu ya tangi. Vipimo vingi vya dukani huonyesha amonia yote kwa jumla, hivyo namba hiyo bila pH haithibitishi chochote. Apige picha mfuko ukiwa bado umefungwa, na maji mengine ayatie kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni na kuifunga. Katika makubaliano, kabla mzigo haujapanda ndege au boti, iandikwe tarehe samaki walipovuliwa, siku walizokaa bila chakula, saa mfuko ulipofungwa, na muda ambao muuzaji atawajibika baada ya kupokelewa.