Mizani ya Boti: Kwa Ahali Zetu Wavukao Maji



Huenda msomaji wetu wa Bute akastaajabu kuona ukurasa wa familia ukizungumzia boti. Bute iko Wajir Kaskazini, upande wa mpaka wa Ethiopia, na maji yetu huku ni ya visima na mabwawa ya kuchimbwa. Lakini mojawapo ya njia zitokazo hapa kwenda Nairobi hupita Wajir na Garissa, ikavuka Mto Tana hadi Madogo. Mwaka 2024 mafuriko ya Tana yaliifunika barabara hiyo mahali paitwapo Kona Punda. Magari yakasimama, watu wakaingia botini. Tarehe 28 Aprili boti iliyojaa abiria ikapinduka hapo. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji. Kabla ya hapo, Agosti 2017, bahari ya Lamu karibu na Manda iliwachukua watu wasiopungua kumi wa ukoo mmoja katika safari moja. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wapo pia ndugu zetu wa huku waendao Lamu wakati wa Maulidi, wakateremka Mokowe na kuabiri boti kwa mara ya kwanza katika umri wao. Kwa hao, na kwa dada zetu wa visiwani ambao boti ndiyo matatu yao ya kila siku, tumeona tueleze ni kitu gani hasa huifanya boti ya mashini iende kwa utulivu na imtii nahodha wake, na kitu gani huiharibu.

Tuanze na jambo ambalo mama wa Bute analijua kuliko nahodha yeyote. Katika jamii zetu za wafugaji, mwanamke ndiye apakiaye ngamia wakati wa kuhama. Anajua kwamba mitungi ya maji ikizidi upande mmoja, mzigo wote huzunguka na kuanguka, na mgongo wa mnyama huchubuka. Anajua kwamba mzigo ukikaa nyuma mno, ngamia huenda kwa taabu. Boti ina tabia hiyo hiyo, isipokuwa ngamia hulalamika, na boti hainung'uniki mpaka inapopinduka.

Wazee wa majahazi waliijua hesabu hii. Jahazi likisafiri bila shehena, waliweka farumi, yaani mawe au mchanga chini kabisa, ili lisiyumbe. Katika mashindano ya mashua za Lamu mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa upepo, miili yao ikawa ndiyo mizani ya chombo. Boti za kioo za siku hizi zimeleta mwendo wa kasi, na kasi ikawafanya watu wadhani kwamba nguvu ya mashini inatosha kuwa badala ya mizani.

Nyingi katika boti hizi ni za kazi zaidi ya moja. Huko Marekani huundwa boti ndogo kwa ajili ya kuvua samaki asubuhi na kumkokota mtu juu ya maji jioni, naye amesimama juu ya mbao mbili. Hukadiriwa kwa watu wachache, na hata hizo hulalamikiwa kwamba hurukaruka. Kwetu boti yenye umbo la jamaa na hizo huvua alfajiri, hubeba watoto wa shule asubuhi, saruji adhuhuri, na maharusi jioni. Kila mzigo huibadilisha tabia yake, na nahodha asiyeirekebisha kwa kila mzigo anaendesha chombo kigeni bila kujua.

Sasa tuzitazame dalili. Boti ikiinua omo na kuipigiza majini, ikainua tena na kuipigiza, mfano wa pomboo achezaye, ujue uzito umekaa nyuma mno au mashini imeinamishwa vibaya. Huko nyuma, kwenye shetri, tayari kuna mashini, madumu ya petroli na nahodha mwenyewe. Dumu la lita 20 la petroli lina takriban kilo 15, na la maji kilo 20. Ukiongeza hapo mama watatu na mizigo yao, omo itaelekea mawinguni na nahodha hataona kilicho mbele.

Dawa ya kwanza haina gharama: sogeza uzito katikati. Dawa ya pili ni pembe ya mashini. Mguu wa mashini ukivutwa karibu na shetri, omo hushuka. Ukisukumwa mbali, omo hupanda. Mashini ndogo huwa na kijiti cha chuma kipitacho katika matundu, na kukihamisha tundu moja, mashini ikiwa imezimwa, hubadilisha safari nzima. Lakini omo nayo isizamishwe kupita kiasi. Bahari ikitoka nyuma, omo nzito hujichimba katika wimbi la mbele, shetri ikazunguka, na boti ikalala ubavu. Ndiyo maana tunasema uzito ukae katikati, na hatusemi ukae mbele.

Kisha kuna kimo cha mashini. Juu ya rafadha, ambayo wengi huiita panka, pana kibamba kilicholala. Kwa boti za kawaida kibamba hicho hutakiwa kiwe takriban sawa na sehemu ya chini kabisa ya boti, au juu yake kidogo. Mashini ikiwa juu mno, rafadha hufyonza hewa wakati wa kukata kona: mashini hupiga ukelele, boti haisogei, na usukani hauna utii. Ikiwa chini mno, hulima maji na kuchoma mafuta bure. Wapo wauzao mabawa ya kufungwa kwenye kibamba hicho ili kuituliza boti. Yanasaidia mara nyingine, ila kwa maoni yetu mwenye boti asiyanunue kabla ya kupanga mzigo na kutengeneza pembe, kwani anaweza kulipia dawa ya ugonjwa asio nao.

Na chini ya boti pia pasisahauliwe. Mababu walivipandisha vyombo vyao pwani, wakavisugua na kuvipaka deheni, kwa sababu chombo kilichoota magugu na chaza ni kizito na kigumu kuongoza. Boti ya kioo haihitaji deheni, lakini yahitaji kusuguliwa. Vilevile ngama, yaani maji yaliyotuama ndani, yatekwe kabla ya kung'oa nanga. Sakafu ya mita 4 kwa mita 1 yenye maji ya kina cha sentimita 10 imebeba kilo 400, na mzigo huu hukimbilia upande ule ule ambao boti imeinamia.

Hapa inatupasa tuseme jambo la adabu. Tumeona katika vivuko wanaume wakitangulia kushika mahali pa katikati, na wanawake, kwa haya, wakasongamana nyuma kando ya mafuta au mbele kabisa kwenye omo. Omo ndipo pigo la wimbi lilipo kali zaidi, na haipasi mjamzito kukaa hapo. Mahali palipo laini ni katikati, kidogo kuelekea nyuma. Stara ya wanawake huhifadhiwa kwa kuwapa mbao za katikati pamoja na watoto wao, na wanaume wenye nguvu wakagawanywa sawasawa mbele na nyuma, kulia na kushoto. Nahodha akisema, "Mama, naomba usogee huku," hajamvunjia mtu heshima. Na mama akisema, "Mwanangu, boti imejaa, sisi twangoja ya pili," asidhihakiwe.

Katika maji ya mto yaendayo kasi pana hatari ya peke yake. Boti ikisukumwa na mkondo hadi ikagandamana na mti au nguzo, abiria kwa hofu huukimbia mti, wakaegemea upande unaotoka maji. Hilo ndilo huizamisha, kwa sababu ubavu ule hushuka na mkondo hupanda juu yake. Waegemee upande wa mti, wakae chini, wasisimame. Kusimama peke yake huupandisha uzito juu na kuifanya boti iwe nyepesi kupinduka, na ndiyo sababu hatari kubwa huwa wakati wa kuteremka, kila mmoja anapoinuka ili awahi gati.

Ama jaketi la kuokoa maisha, livaliwe juu ya buibui wala si chini yake, na lifungwe kabla boti haijaondoka. Kulikalia kama mto ni sawa na kutokuwa nalo. La mtoto liwe la uzito wake, na mengi yana mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Mkanda huo usipofungwa, jaketi hupanda hadi masikioni na mtoto akabaki chini yake.